Doa Lililomrudisha Linet

Matisi, Kitale,
Jumatano jioni.

Dada yangu Nasike,

Mulembe sana. Nakusalimu wewe, shemeji, na wote walio hapo nyumbani Chwele. Goti lako je? Ulikuwa unarudi hospitali ya Lugulu kuonwa tena na mimi sikuuliza hata walisema nini. Nisamehe, siku hizi nauliza maswali nusunusu. Kama bado linakuuma, waachie vijana kazi ya kubeba magunia ya vitunguu, wewe kaa uuze. Huku mvua ni nzuri na mahindi ya watu yamefika kiunoni. Mimi ni mzima. Neno hilo, mzima, ndilo limenifanya nikuandikie. Kwa simu ungenikatiza kwa furaha, nami ningekuacha ufurahi, na yaliyobaki nisingeyasema.

Unakumbuka mwaka jana baada ya mavuno kifua kilinibana nikiwa kazini, nikaacha geti la watu nimelichomelea nusu. Daktari wa hapa Kitale alinituma Eldoret nikapigwe picha ya moyo kwa ile mashine kubwa unayoingizwa ukiwa umelala. Kwenye foleni niliketi na mama mmoja mwalimu mstaafu kutoka Endebess, anaitwa Chemutai, aliyefiwa na mumewe kama mimi nilivyofiwa na mamake Linet. Tukaongea mpaka woga ukapungua, tukapeana namba.

Majibu yalipotoka daktari alisema moyo wangu ni mzuri na mishipa iko wazi. Nikachukua kofia niondoke. Akaniambia nikae kwanza. Alisema pembeni mwa picha, upande wa chini wa pafu la kulia, ameona doa dogo kama punje ya dengu. Hakuwa akilitafuta, limejitokeza tu kwa sababu mapafu ni jirani ya moyo. Akaeleza kwamba wengi wanaokuja kupigwa picha ya moyo hukutwa na vitu vya namna hiyo, na kwa wengi huwa ni kovu tu, lakini kwa wachache huwa ni saratani inayoanza, na kwa udogo ule hakuna wa kujua mpaka picha irudiwe baada ya miezi sita. Basi nilienda kwa ajili ya moyo, nikarudi na pafu. Jioni hiyo Chemutai alinipigia. Kumbe naye alikutwa na doa lake.

Dada, miezi ile sikujua kukaa. Nilikuwa nikisimama katikati ya chakula, naenda mpaka barabarani, narudi, chakula kimepoa. Nikikohoa, natema kwenye karatasi naangalia. Nilipima mlango wa mteja mara mbili na bado nikakata chuma kifupi. Ule moshi wa kuchomelea ambao nimeuvuta tangu ujana, sasa nikiuona unapanda nageuza uso kama mtu aliyeona nyoka.

Nilimwambia Linet kwa simu. Unajua tulivyokuwa tangu mazishi ya mamake, salamu fupi za Jumapili na basi. Yeye alikuwa akifanya kazi ya uuguzi pale Bungoma mjini, ameshamaliza kujifunza Kijerumani, na ajenti amempa tarehe ya kwenda Ujerumani kutunza wazee. Sikumwomba aje. Nilimwambia tu habari ya doa, kisha nikanyamaza kwenye simu. Jumamosi hiyo alifika na begi. Alikuwa ameacha kazi na kumwambia ajenti aisogeze mbele safari.

Na nyumba ikawa na mtu. Ananiambia, "Baba, si ukae chini, unanizungusha kichwa," kisha ananiletea kiti mpaka kwenye kibanda changu cha kazi. Tukaanza kuongea mambo ya mamake ambayo hatukuwahi kuyagusa. Alinieleza alivyokasirika siku ya mazishi niliposhughulika na maturubai na wageni, nisimtazame yeye hata mara moja. Nilimsikiliza. Sidhani nimewahi kumsikiliza mtu hivyo.

Picha ya pili tulienda pamoja, tukarudi kungoja majibu. Daktari aliponipigia nilikuwa peke yangu kibandani. Alisema doa halijakua hata kidogo, tena limekauka na kujaa chokaa. Ni kovu la ugonjwa wa zamani, labda kifua kikuu nilichokipata utotoni bila mtu kujua. Nifunike pua nikichomelea, mengine niyasahau.

Sasa hapa ndipo penyewe, dada. Sikufurahi. Nilimshukuru daktari, nikaweka simu mfukoni, nikamsikia Linet akiimba jikoni, na kitu cha kwanza nilichoona kichwani ni lile begi lake. Jioni akaniuliza kama daktari hajapiga bado. Nikasema bado. Neno dogo tu. Kesho yake nikalirudia. Siku moja hata nikashika kifua mbele yake, na hakikuwa kikiniuma. Ajenti alishamwambia nafasi yake inangoja mpaka mwisho wa mwezi, na mimi nilijua, na mwezi ulikuwa unaisha. Nilijitetea kimoyomoyo kwamba ataenda kuwanywesha uji wazee wa watu, na mimi babake ninyweshwe na nani?

Kilichonivunja ni simu ya Chemutai. Doa lake lilikuwa limekua, na madaktari wakalikata pamoja na kipande cha pafu. Wanasema kwa kuwa limeonekana mapema, kabla ya kusambaa, ana matumaini makubwa, ingawa watamfuatilia kwa miaka. Aliongea kwa pumzi fupifupi. Nikamuuliza kama binti yake amekuja kutoka Mombasa. "Anataka kuja," akasema, "lakini nimemwambia amalize kwanza kazi yake. Akija aje kunitembelea, bana, si kunilinda. Na wewe, la kwako limesemaje?" Nikamwambia bado. Nilimdanganya mwanamke mwenye nyuzi mbichi mbavuni. Nilipokata simu niliweka chuma chini, nikazima mashine.

Nikaingia jikoni. Linet alikuwa akikata sukuma. Nikamwambia doa ni kovu, si kitu. Alitupa kisu, akanikumbatia, akamshukuru Mungu, akalia mpaka shati langu likalowa. Kisha akauliza, "Wamepiga saa hizi?" Dada, kusema ndiyo kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate. Nikasema, "Hapana. Ni wiki tatu sasa."

Mikono yake ikatoka mabegani mwangu. Akasema polepole, "Ungeniambia tu, 'Linet, nabaki peke yangu, kaa.' Ningefikiria. Labda hata ningekaa. Lakini wewe ulinikalisha kwa woga, Baba." Akaokota kisu, akamaliza kukata mboga.

Alipompigia ajenti aliambiwa mwezi umeisha, nafasi imepewa mwingine. Siku mbili ikawa zamu yake kushindwa kukaa. Anatoka, anaingia, anaangalia simu. Nilitamani anipigie kelele. Jana wakampigia kwamba kuna mtu karatasi zake zimekataliwa, na kama yuko tayari aripoti Nairobi Jumatatu. Anaenda. Bado ananipikia na kunisalimu asubuhi, lakini anaongea nami kama anavyoongea na wagonjwa wa wodi, kwa adabu na bila kuniita Baba.

Jumamosi atapitia kwako kukuaga. Wewe ni senge, shangazi yake, mpokee vizuri, umchinjie kuku. Ila nakuomba usimsihi anisamehe, wala usimwambie mimi ni mzee. Hilo ni langu na yeye, na huenda likachukua muda mrefu. Barua hii ataibeba yeye. Nitampa bila kubandika bahasha, na nitamwambia akitaka kusoma asome, maana kuna jambo ambalo jikoni lilishindwa kunitoka mdomoni.

Linet, kama umesoma mpaka hapa: nilitaka ukae, na si kwa sababu ya ugonjwa. Nilipaswa kukuuliza. Nenda, mwanangu.

Dada, nisalimie shemeji na watoto, na kanisani pia waambie nawakumbuka. Nikimaliza geti hili la watu nitakuja kukuona, na safari hii nitauliza habari ya goti mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako,
Nehemiah Sifuna.