Maji Ambayo Sikukumwagia

Mpendwa wangu Baba Yusta,

Jana mchana nilisinzia barazani, mvua ikinyesha, nikakuona tena mtoni kwetu Busunzu. Suruali umeikunja hadi magotini, unapanga mawe juu ya mihogo iliyolowekwa ili maji yasiichukue. Nilitaka kukuita, nikaamka.

Ndivyo ulivyofanya mwaka ule mto ulipofurika, unakumbuka? Ulianza na mihogo yetu, ukaenda kwenye ya majirani, mwisho ukafika kwenye ya yule mama ambaye hatukuwa tunasalimiana naye. Nilikusimanga: wewe usiyejua hata amri moja ya Mungu, nani amekutuma? Ukacheka, ukaniuliza watoto wake watakula nini. Mimi mwenye amri zote kichwani nilikuwa jikoni naota moto.

Kila Jumapili ulinipakia kwenye baiskeli hadi kanisani, ukanisubiri nje ukikaza mnyororo. Ndani tulifundishwa kwamba mtu asiye na Neno la Mungu hana kinachomshika. Nikawa nakuchungulia dirishani, najiuliza wewe umeshikwa na nini. Hadi leo sijui, ila miaka yote ile sikukukuta na uongo hata mmoja.

Halafu hospitali ya Kabanga, wodini, ugonjwa ulipokuzidi. Binti yetu alikupigia magoti ukubali ubatizo. Ukamshika mkono, ukamwambia taratibu, "Mwanangu, nikikubali ili ufurahi tu, nitakuwa nimemdanganya Mungu wenu. Ndiyo kwanza tunakutana, nianze na uongo?"

Alipokwenda kukutafutia uji aliniachia kikombe cha maji. Alininong'oneza kwamba penye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza, kwa hiyo ukilala nikumwagie tu. Ukalala kweli. Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nimekiinua kikombe juu ya paji la uso wako. Nilikupenda na niliogopa, Baba Yusta. Niliogopa kwamba nisipomwaga sitakuona tena milele. Lakini wewe hukuwahi kunifanyia lolote kwa kificho. Nikakugusa bega, ukafumbua macho.

"Una kiu?" nikakuuliza.

Ukayanywa yote.

Yusta aliponiuliza baada ya mazishi, sikumficha. Alilia sana. Siku hizi akinipigia simu kutoka Kasulu ananiuliza afya, ananiuliza mvua, kisha anakata. Namwelewa, maana hofu yake ndiyo yangu. Bado nakwenda kanisani, kwa miguu sasa, na bado naamini kila ninachokisali pale.

Pumzika, mume wangu. Mihogo iko mtoni, nimeiwekea mawe, yetu na ya yule mama pia. Siku nikifika huko mbinguni nikaambiwa hupo, sitabishana na mtu. Nitauliza tu mto uko upande gani.

Mkeo,
Mama Yusta