Mkondo Usio na Mchanga

Shikamoo Mama,

Niko karibu na Shelui, ambako mgodi unahamisha kijito, nami nachunguza wanyama watakavyoathirika. Leo mama mmoja mfugaji alichimba kisima kwenye mchanga wa mkondo wa zamani, maana wakati wa kiangazi maji hubaki chini ya mchanga. Alipomaliza kuchota alikiacha wazi, upande mmoja ameuchimba kwa mteremko. Nikamuuliza kwa nini.

"Na kanga na mbweha washukie wapi, mwanangu?"

Kweli, nyayo zao zilijaa pale. Kisha akagonga kwa jembe mkondo mpya uliojengwa na mgodi. Chini ni zege tupu.

"Huku nichimbe kwa meno?"

Tulicheka, lakini ripoti yangu ilishasema wanyama watapata maji ya kutosha kwenye mkondo mpya. Nimekifuta kipande hicho. Kesho nitawaomba wajenzi waache mchanga kule ambako bado hawajamwaga zege. Niombee wanisikie, Mama, na magoti yako yapate nafuu.

Mwanao, Rehema