Kila asubuhi anafiwa upya

Mjini Ibra, Jumatatu, mwezi wa sita, 1986

Joto tangu alfajiri. Watoto wamelala mchana huu, na mama pia, ndiyo nikapata kukaa na daftari. Nimechoka mpaka mifupa.

Leo nimemdanganya mama.

Babangu kafa mwaka wa pili sasa. Mama alikaa eda miezi minne na siku kumi, na nguo zake za eda nilizifua mimi. Yote hayo hayamo tena kichwani mwake. Kila akiamka huniuliza babangu yuko wapi, nami humwambia kweli, maana yeye ndiye aliyenikanya uongo tangu mdogo.

Jana alinipigia kelele jikoni. "Babako kafa na wewe unakaanga mandazi? Mtoto gani wewe, huna haya!" Akajifunika kanga, akataka kuanza eda. Kufika adhuhuri kasahau, akala wali vizuri.

Daktari, Msudani mpole, alinieleza wiki iliyopita. Maradhi yana jina la kigeni, Alzheimer, nikamwomba aniandikie. Ubongo unasinyaa. Panapopokea mambo mapya ndipo panapoharibika mwanzo, kwa hivyo la leo halishiki. La zamani hubaki, kisha nalo huondoka. Mwisho husahau watu, husahau hata kumeza. Nikamwuliza dawa.

"Mafi, ya binti." Hakuna, binti yangu.

Akaniambia nisibishane naye. Nisimlize bure.

Basi leo alipouliza nikasema, "Kenda Izki, mama, kununua mbuzi."

Akacheka! "Izki, na hata kuniaga? Mwanamume huyo!" Sijamwona akicheka tangu mfungo. Nikajiona mjinga, mwaka mzima nimemliza kwa ukaidi wangu.

Kisha ikafika saa ya kula.

Akapakua sahani ya babangu, akaifunika kawa, akakaa mlangoni. Hakugusa chake. Nilipotia mkono katika wali akanipiga kofi mkononi. "Unakula kabla ya babako? Nani kakulea?"

Mimi, mama wa watoto wawili, nikauondoa mkono.

Nikangoja asahau. Ya jana alisahau upesi, lakini hili la kumngoja mumewe hakulisahau. Miaka thelathini alimngoja hivi, tangu tulipokuwa Unguja. Ni jambo la zamani, limeshika. Saa tisa bado yuko mlangoni, midomo imekauka, hata maji hataki. Na mwili wenyewe umebaki ngozi. Nilipompelekea tonge alifumba mdomo kama mwanangu mdogo anavyofanya.

Nikakaa mbele yake, nikamshika mikono.

"Mama, babangu kafa."

Alilia kama mara ya kwanza. Kwake ni mara ya kwanza. Nikamkumbatia mpaka akanyamaza, akanitazama, akasema, "Njaa inaniuma, mwanangu." Nikamlisha kwa mkono wangu. Akamaliza sahani, akalala.

Daktari hakuniambia hili. Nikisema kweli, analia. Nikisema uongo, hali chakula.

Baba watoto yuko Maskati, harudi mpaka Alkhamisi, na hata akiwapo atafanya nini?

Nimeshaamua. Kesho nitamwambia kweli mapema, kabla sijawasha jiko, ili kufika adhuhuri awe ameshalia, apate kula.