Vibao vya Dakota

Jumatatu, 5 Machi 1973
Ghalani Luzira. Chai, rafu, patasi. Wiki ya pili sasa nabandua vibao vya chuma vyenye jina la kiwanda kwenye vipuri vya ndege za jeshi. Amri: jina la adui lisionekane ndani ya ghala la serikali. Vibao vikayeyushwe.

Haya. Lakini adui ni nani? Ndege aina ya Mig ni ya Warusi, marafiki, inabaki na jina lake. Dakota imeundwa Marekani, tukaipata kwa Waisraeli, waliofukuzwa mwaka jana. Magister imebuniwa Ufaransa, ikaundwa Israeli. Nikamwuliza afande: hii nibandue nusu? Akanitazama mpaka nikajuta. Nimebandua yote.

Jumanne, 6 Machi
Sijui nimefanya nini. Nimetoka na vibao ndani ya soksi, kama jana, kama wiki iliyopita. Miaka yote hii najua kila kipuri kwa kibao chake, mkono unakataa kuvipeleka motoni. Vipo nyumbani Kawempe, kwenye kopo la unga. Mariamu, mke wangu, ameviona. Amelifunika kopo, akalirudisha mahali pake.

Jumatano, 7 Machi
Drani amekuja kutoka uwanja wa ndege kuchukua vali ya mafuta ya Dakota. Ni kaka yake Mariamu, fundi wa ndege. Rafuni ziko vali mbili, mapacha kabisa. Moja ya Dakota, nyingine ya ndege ndogo za mafunzo, haivumilii presha kubwa. Vibao nilishabandua mwenyewe. Nikasema "hii," kwa sauti ya mtu anayejua. Mjinga mimi.

Alhamisi, 8 Machi
Mariamu anasema Drani ataruka Jumamosi. Jamani! Desturi yao naijua: fundi aliyefunga injini hupanda safari ya kwanza. Ukifunga vibaya, unaanguka na kazi yako. Naijua, na bado nilinyoosha kidole tu.

Chakula kimenishinda. Nimemwaga kopo mezani. Kibao cha vali ya Dakota kipo, matundu matatu ya skrubu, na kila vali ina nafasi zake za matundu. Kikikaa sawa juu ya vali iliyobaki, basi niliyompa Drani siyo. Ila lazima kipite getini: wanaotoka hawapekuliwi, wanaoingia hupekuliwa mpaka soksi. Ukikutwa na jina la adui, unaingizwa kwenye buti ya gari. Waliochukuliwa pale hawajarudi hata kufuata kofia zao.

Naogopa. Nimwache shemeji? Nijiache mimi? Kichwa kimegeuka uji.

Ijumaa, 9 Machi
Mariamu amesonga posho asubuhi, ugali wa chakula changu cha mchana, kibao katikati yake. Hatukutazamana.

Askari wa getini: "Fungua. Mimi bado kula." Akamega pembeni. Akamega tena. Mara ya tatu vidole vilikaribia kabisa. Akauliza, "Maharage iko wapi?" Nikasema hakuna, afande. Akasonya, akanisukumia sahani. Nikaifunika, nikaingia.

Kibao kimekaa kwenye vali ya rafuni, matundu yote matatu. Kwa hiyo Drani anayo ile mbaya. Mungu ana huruma, alikuja mchana kuchukua oili. Nilimpa vali imefungwa kwenye kitambaa. Akauliza nimejuaje. "Badilisha, shemeji. Usiniulize." Kitambaa kikaingia ndani ya ovaroli yake; kibao kikarudi ndani ya soksi yangu.

Jumamosi, 10 Machi
Saa nne, mlio wa Dakota juu ya ziwa. Nilihesabu pumzi. Ikaenda, ikarudi, ikashuka.

Alasiri Drani kaja Kawempe, kala, kasema imevuta vizuri. Nikaenda chooni nikalia kama mtoto. Kisha nikapanda basi na kopo mpaka bandarini Port Bell. Kibao kimoja kimoja, majini. Cha Dakota mwisho. Sitaki tena ushujaa. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu, 12 Machi
Amri mpya. Ndege zimeanza kukwama, kwa hiyo kila kipuri kiandikwe tena ni cha ndege gani. Mara moja. Afande akauliza nani anakumbuka. Nikatazama viatu vyangu. Akanipa brashi na rangi nyeupe: "Wewe mzee wa ghala. Andika."

Nikasema vingine havijulikani, afande.

"Andika tu."

Nimeandika. Vingine nina hakika. Vingine nilibahatisha, Wallahi nilibahatisha, na sasa vyote vimeandikwa vizuri kwa rangi ile ile. Siwezi kutofautisha hata mimi.

Jumanne, 13 Machi
Mvua kidogo. Drani amepita kula. Ana furaha, anasifu mwandiko wangu, anasema sasa ghala linasomeka hata na kipofu. Asubuhi amechukua pampu niliyoiandika Dakota, hakuhitaji kuniuliza. Ataruka nayo Alhamisi.

Nimemwongezea nyama.