Volan Imetulia, Baba Odette

Baba Odette, bwana yangu,

Leo sianzi na salamu, utanisamehe. Nimeipata! Mimi mwenyewe, Mama Odette wako, mugongo chini, kitenge kimejaa grisi mpaka kiunoni. Jeep yako haitikisiki tena! Leo asubuhi nimetoka nayo mpaka mbali kwenye njia ya Bendera, kwenye yale mashimo uliyokuwa ukiyatukana kila safari, na volan, usukani wake, imekaa kimya mu mikono yangu.

Ngoja nikueleze toka mwanzo, juu wewe uliondoka mbele ya haya yote kuanza.

Jeep yako njo ilikubeba mpaka makaburini. Tangu siku ile ikashikwa na ugonjwa. Ukienda polepole, hakuna kitu. Ukikanyaga mafuta kidogo, na pine ya mbele ikaingia mu shimo, basi! Volan inaruka kushoto, kuume, kushoto, kuume, kwa nguvu za kuvunja vidole, na haiachi mpaka usimame kabisa. Mara ya kwanza nilikuwa natoka Bendera na madumu ya mawese. Niliita jina la Yesu, halafu nikaita la kwako.

Mudogo wako Gaspard alikuwa amekaa pembeni yangu. Kufika nyumbani hakunywa hata maji. Aliita ukoo mzima, akasema: kaka njo anashika ile volan. Gari lilikuwa zima maisha yote, limebeba maiti yake, sasa linakataa. Na linamkataa nani? Si yule anayeliendesha? Wote wakanigeuzia macho.

Dada zako unawajua. Usiniambie nisiwaseme, nitawasema tu leo. Eti huyu mwanamuke alimufanya nini bwana yake mpaka aende na kinyongo? Wakasema kisimani, wakasema mpaka kwenye mulango wa kanisa. Gaspard akatafuta mununuzi, muntu wa Manono, aje kuchukua jeep Jumamosi. Bila jeep mawese yangu yatafika sokoni kwa mugongo wa nani? Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba nilianza kuwaamini.

Unakumbuka ile siku, zikiwa zimebaki siku nne utuache? Uliniita nikae karibu nawe. Nikakujibu vibaya. Nikasema nina unga kwenye moto, na kila saa ni Mama Odette hapa, Mama Odette pale, mimi nimechoka. Hukuniita tena mpaka jioni. Kesho yake tulicheka tena, ni kweli, lakini sikukuomba radhi. Nilisema nitaomba, nitaomba... Basi kila volan iliporuka nilikuwa najiambia: njo hii. Bado ana neno langu moyoni.

Wafundi watatu wameiangalia ile gari. Wa kwanza alibadilisha pine za mbele akaziweka nyuma. Wa pili alifunga amortisere mupya wa volan, kile chuma cha kupunguza mitikisiko. Siku mbili tukaimba, siku ya tatu ikaanza upya, na mbaya zaidi. Wa tatu aliinua mbele yote na kriki, akashika magurudumu, akayatikisa, akayasikiliza kama daktari, akasema hakuna kitu, Mama, gari ni zima. Akanawa mikono, akanionea huruma, akaenda. Hata yeye alikuwa amesikia ya kisimani.

Hapo njo nilikasirika. Unanijua nikikasirika. Nikajiuliza: miaka yote ile ya ufundi wako, wewe ukiwa chini ya magari ya watu, nani alikuwa juu kwenye volan? Si mimi? Nilikuwa nakaa pale na mboga yangu nachambua, ukisema zungusha, nazungusha. Nikizungusha sana unapiga kelele: "Kidogo, Mama, kidogo! Hausongi bugali!" Niliona miguu yako tu. Lakini masikio nilikuwa nayo. Nilikusikia ukiongea na vile viungo, kimoja kimoja: "Wewe hapana. Wewe hapana. Aaa, wewe njo mwizi!" Na gari lenye ugonjwa huo hukuliinua hata siku moja. Ulisema lisimame kwa miguu yake, sababu muntu akiwa ananing'inia huwezi kujua kama anachechemea.

Na yule mufundi aliinua!

Alhamisi nikatandika mukeka chini ya jeep, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nilikosa muntu wa kuzungusha volan. Nikamuita nani? Gaspard. Ooo, ungemuona! Alikataa mara tatu. Nikamwambia: shemeji, kama kaka yako njo anaishika, si uende umusalimie? Akaingia na rozari shingoni, muguu mumoja akauacha nje, tayari kukimbia. Nikamwambia kushoto kidogo, kuume kidogo. Akazungusha kama anachimba shamba. Na mimi, Baba Odette, kinywa changu kikafunguka chenyewe: kidogo, bwana, hausongi bugali! Nikakusikia wewe mu sauti yangu. Nililia kidogo pale chini, sitakuficha.

Nikashika kiungo cha kwanza. Hapana. Cha pili. Hapana. Nikaenda hivyo, mukono juu ya kila kimoja, macho nimeyafunga. Nikafika kwenye kile chuma kirefu kinachokingama mbele, kile kinachozuia ekseli isiende kushoto wala kuume. Nikaweka kidole kwenye kichwa chake. Tk. Tk. Chuma kinaenda, ekseli bado haijaenda. Tk! Nikafungua macho, nikaona kitu cha bluu.

Ilikuwa sapatu yako.

Ndiyo, sapatu yako ya kuogea. Cheka, una haki. Asubuhi ya kukuzika, walipoiwasha jeep, kile chuma kilikuwa kinalia kwi, kwi, kwi. Silambloki yake, ule mupira wa kati ya tundu na bulo linalokifunga chuma, ilikuwa imeisha. Nikasema bwana yangu, aliyekuwa akimusimamisha jirani barabarani juu gari lake linalia, hatapita mbele ya watu na kelele hii. Mupya hakukuwa. Nikachukua sapatu yako ya kushoto, nikaikata na kisu cha mboga, nikamupa Ngoy, mufundi mwenzako, nikamwambia weka. Akasema: Mama, hii haitamaliza siku mbili. Nilimufokea mbele ya watu wote. Nani angebishana na mimi siku ile? Akaweka. Akasema atarudi kuitoa matanga yakiisha. Matanga hayajaisha, kazi ikamuita Manono. Na mimi nikasahau, Baba Odette. Siku ile sijui hata nilikula nini.

Nilianza kucheka chini ya gari mpaka nikakohoa. Gaspard akaruka nje, akidhani kaka yake amenishika. Nikatoka na kile kipande mukononi, kimekuwa chembamba, kimelowa mafuta. Nikamwambia: ulisema kaka yako yuko ndani ya gari. Hukukosea sana!

Ningeweza kunyamaza. Ningesema kimeisha tu, nani angejua? Lakini nilikipeleka kwa dada zako, nikakiweka mezani, nikasema ni mimi, kwa mukono wangu, juu sikutaka apite na kelele. Halafu dada yako mukubwa akakichukua, akakigeuza, akaanza kucheka na machozi yanamutoka. Akasema: wewe ulimupenda mpaka ukaharibu gari. Akanishika mukono mpaka jua likahama. Na Gaspard mwenyewe akampigia simu yule wa Manono, akamwambia jeep ya kaka haiuzwi.

Silambloki mupya imefika jana na mashua kutoka Kigoma. Tumeifunga, na bulo nimesimamia likazwe gari likiwa chini, kwa uzito wake. Leo asubuhi nikaondoka na Gaspard. Shimo la kwanza: kimya. Nikakanyaga mafuta. Shimo la pili, lile kubwa: kimya! Gaspard akapiga Aleluya mpaka watu wa barabarani wakamujibu. Nikaimba, nikapiga honi bila sababu, mwanamuke muzima kama mimi.

Halafu nikasimama pembeni, nikalia. Gaspard alifikiri ni furaha. Haikuwa hiyo. Ile volan ilipokuwa ikiruka, niliogopa, ni kweli, lakini nilisema: basi yuko. Ana hasira, lakini yuko. Leo imetulia, na nimejua umeenda kweli.

Kwa hiyo neno lile nakuambia sasa, na hakuna anayenisukuma. Unisamehe, bwana yangu. Ule unga ungeningoja.

Jumatatu napanda Bendera kuchukua mawese. Nakuahidi hivi: muntu akiniita nikae karibu naye, nitaepua chungu, nitaenda. Wewe pumzika huko. Ya chini ya gari niachie mimi.

Muke wako,
Mama Odette