Saa Sita za Jemadari

Jumatatu, 3 Machi
Sura ya nne, tena. Waswidi wa miaka mia tano iliyopita wanajaribu kuteka kisiwa cha Gotland. Askari wao walio chini ya ngome wanaomba msaada kwa barua. Jemadari wao anaipata saa moja asubuhi. Meli zake zinang'oa nanga saa saba na nusu mchana. Saa sita na ushei ameikalia. Msaliti. Ndiyo hoja yangu yote, miaka minne hapa Brussels. Profesa anayenisimamia ameshainukuu kwenye makala yake. Naitetea tasnifu tarehe kumi na nane. Najivuna, sifichi.

Alhamisi, 6 Machi
Kikohozi. Maman Furaha, jirani wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, kaniletea tangawizi na kunisema nimekonda. "Samedi ukuye kula kwangu, à treize heures." Kaondoka kabla sijakataa. Jumamosi, saa kumi na tatu kwa hesabu yao; kwenye kalenda nimeandika kwa yetu: Maman F., saa 7.

Nikaitazama hiyo saba. Nikakaa chini.

Nimelitoa daftari la mwaka wa kwanza. "Barua imefika saa 7." Mwandiko wangu, saa za kwetu. Mwaka uliofuata, nikichapa kwa Kifaransa, niliiona saba nikaandika saba yao, ya asubuhi, yaani saa moja yetu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikuwa mlangoni pa jumba la nyaraka kabla hawajafungua. Barua asilia: saa moja baada ya adhuhuri, yaani saa saba yetu ya mchana. Jemadari alichukua nusu saa tu, kusoma, kukusanya watu na kuondoka. Zile saa sita nilimbambikia mimi. Mjinga mkubwa.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia Profesa. Akafunga mlango kwanza.

"Nani mwingine anajua?"

Nikasema sisi wawili. Akasema hakuna mjumbe wa jopo atakayekwenda kuifungua barua ile. Nimeogopa, kwa sababu nilitaka kukubali.

Jumatano, 12 Machi
Nimewaandikia wajumbe wote, nakala kwa Profesa. Utetezi umeahirishwa hadi Oktoba. Ufadhili unakwisha Juni. Profesa hajajibu.

Jumapili, 16 Machi
Mvua. Sura ya nne imebaki kurasa tisa, kutoka arobaini. Barua ilifika, meli zikaondoka, upepo ukageuka, kisiwa hakikutekwa. Hakuna msaliti. Walijitahidi, wakashindwa.

Mama kapiga simu kutoka Morogoro kuuliza mahafali ni lini, anataka kushona nguo. Nimemwambia asishone kwanza. Akauliza nani kanichelewesha. Nikamwambia ni mimi.