Jina la Mjomba

Cuthbert wangu katoka jandoni, kanenepa, Lulindi nzima inamtazama!

Wifi Theodora, hujambo? Huku sote wazima. Alipoulizwa jina lake jipya la utu uzima, alijibu, “Niiteni Duche.” Ndivyo alivyojiita yule mtawala wa Italia kwa kujitukuza, yaani Kiongozi; askari waliorudi kutoka Uhabeshi wamewafundisha watoto jina hilo. Nikamwambia taratibu, “Vita vya huyo ndivyo vilivyommaliza mjomba wako Dadi.” Mwanangu akarudisha tonge sahanini. “Basi mama, nipeni jina la mjomba.” Nani mwingine kazaa mwenye akili hizo?

Lakini kaka yangu alikuwa mumeo. Ukikataa, sitanung'unika. Ukiridhia, njoo ulitamke wewe kwanza, mbele ya watu wote, baada ya misa ya Jumapili.

Wifi yako,
Mama Cuthbert